Kani na mwendo: maswali yanayoulizwa sana na watu wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Nafundisha fizikia ya sekondari hapa Mbeya, na maswali haya nayapata kila wiki kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, kwa vijana wa bodaboda na hata kwa madereva wa malori wanaolaza gari Uyole. Nimeyaweka pamoja ili mtu asome kwa nafasi yake. Mahesabu yapo ila ni mepesi, kuzidisha na kugawanya tu, ukiwa na simu unayafanya mwenyewe uhakikishe. Ukiona nimesema mvutano wa dunia ni 10 badala ya 9.8 ujue nimekadiria ili namba zisisumbue.

Kani ni nini hasa?

Ni msukumo au mvuto wowote kati ya vitu viwili. Wanafunzi wengi wanasema fosi, sawa tu. Mkono wako ukisukuma mlango, ardhi ikivuta embe, lami ikisuguana na tairi, kamba ikivuta ndoo kisimani, zote hizo ni kani. Inapimwa kwa nyutoni, na ukishika kitu cha gramu 100 kiganjani, mfano nyanya moja ya wastani, ule uzito unaousikia ni karibu nyutoni 1. Mfuko wa simenti wa kilo 50 ni nyutoni 500 hivi.

Kani lazima iwe na mwelekeo. Ukiniambia "kani ya nyutoni 20" hujamaliza, nitakuuliza inaelekea wapi na inafanya kazi juu ya kitu gani. Shika hilo la "juu ya kitu gani" maana huko chini litatusaidia sana.

Nikiacha kupiga pedeli baiskeli inasimama. Si ndo ushahidi kwamba bila nguvu hakuna mwendo?

Hili ndo swali mama, na ukilielewa hili mengine yote yanafunguka. Jibu ni hapana. Baiskeli haisimami kwa sababu imekosa nguvu ya kuisukuma, inasimama kwa sababu kuna nguvu zinazoizuia, yaani upepo unaokupiga kifuani, tairi inayobonyea barabarani na msuguano wa beringi. Ukitaka kuhakikisha piga pedeli kwenye vumbi zito alafu uache, kisha uje ufanye hivohivo kwenye lami nzuri, utaona kwenye lami baiskeli inaserereka mbali zaidi ingawa miguu yako imetulia vilevile. Kilichopungua ni vizuizi tu. Sasa endelea kuvipunguza kichwani mwako mpaka viishe kabisa, baiskeli itasimama lini? Haitasimama.

Wasikucheke wanaodhani hili ni jambo la wazi. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, alifundisha kwamba kitu kinatembea pale tu kinaposukumwa, na watu waliamini hivo kwa karibu miaka elfu mbili kwa sababu macho yanaona hivo. Galileo kule Italia ndo alianza kuviringisha mipira kwenye miteremko na kupima muda, akaona kadri njia inavyokuwa laini ndivyo mpira unavyokwenda mbali. Isaac Newton akaja kuyapanga yote kwenye kitabu alichokitoa mwaka 1687. Kwahiyo mtoto wako wa miaka 15 akichanganyikiwa hapa usimkaripie, anahangaika na kitu kilichowasumbua watu wazima na wenye akili kwa karne nyingi.

Kwa kifupi, kani haitunzi mwendo, kani inabadilisha mwendo.

Basi hizo kanuni tatu za Newton kwa lugha ya kawaida ni zipi?

Ya kwanza: kitu kilichotulia kitabaki kimetulia, na kinachotembea kitaendelea kwa kasi ileile kwenye mstari ulionyooka, mpaka kani itokee nje ikibadilishe.

Ya pili: kani ikitokea, mwendo unabadilika kwa kadri ya ukubwa wa kani hiyo, na kitu chenye masi kubwa, yaani chenye kilo nyingi, kinabadilika kwa shida zaidi. Wanafunzi wanaikariri kama kani = masi × mchapuko. Mchapuko ni jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde.

Ya tatu: ukikisukuma kitu, na chenyewe kinakusukuma wewe kwa kani ileile, upande wa pili.

Kwenye kona za mlima Kitonga kule Iringa abiria tunalalia upande mmoja. Nani anatusukuma?

Hakuna anayekusukuma kwenda nje ya kona, na najua mwili unakataa kuamini. Kinachotokea ni kwamba basi limekata kona ila mwili wako ulikuwa unaendelea na safari yake kwenye mstari ulionyooka, kama kanuni ya kwanza inavyosema. Basi linageuka kuja upande wako, ubavu wa basi unakukuta, unakusukuma kuelekea ndani ya kona ili na wewe ugeuke. Kani halisi inayokupata inaelekea ndani, kwenye kitovu cha kona. Mtu aliyesimama juu ya mlima akiwa anaangalia basi kutokea juu angeona hili vizuri kabisa.

Na basi lenyewe linageuzwa na nini? Na msuguano kati ya tairi na lami, basi. Sasa sikiliza hapa vizuri we unayeendesha: kani inayotakiwa kugeuza gari inapanda kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiwa mara mbili kani inayotakiwa inakuwa mara nne. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Ukiingia na spidi 40, yaani kilomita 40 kwa saa, tairi zinatakiwa zitoe kani ya pembeni kama robo ya uzito wa gari, hapo hamna shida. Ukiingia na spidi 80 zinatakiwa zitoe kani inayolingana na uzito wote wa gari, na tairi nzuri kwenye lami kavu tambarare inaweza kama asilimia 70 tu ya uzito. Hiyo 30 iliyobaki hakuna wa kuitoa, ustadi wa dereva hautaitoa, uzoefu wa miaka mingi hautaitoa. Gari itakwenda moja kwa moja, au kama ni ndefu na imepakia juu itapinduka kabla hata ya kuteleza.

Daladala ikifunga breki ghafla mbona narushwa mbele?

Ni habari ileile. Daladala imesimamishwa, wewe hujasimamishwa.

Gunia la viazi likitoka Uyole kwenda Dar linabadilika uzito?

Hapa inabidi tutenganishe masi na uzito. Masi ni wingi wa kitu chenyewe, jinsi kinavyogoma kubadilishiwa mwendo, na inapimwa kwa kilo. Uzito ni kani ambayo dunia inakivutia kitu hicho, na unapimwa kwa nyutoni. Masi ya gunia ni ileile Uyole na ileile Kariakoo. Uzito wake unaongezeka kidogo mno ukishuka pwani, kwa sababu unakaribia kitovu cha dunia, Mbeya tuko juu ya usawa wa bahari kama mita 1700. Lakini kwa gunia la kilo 100 tofauti hiyo ni kama gramu 30 hadi 50 tu, vumbi la kwenye gunia linaweza kuwa zito kuliko hapo. Mizani ya kuning'inia yenye springi ndo ingeweza kuiona kama ingekuwa makini sana, ile ya mawe ya kulinganisha pande mbili haioni kitu maana mawe nayo yanavutwa zaidi vilevile. Ukiona gunia limefika Dar limepungua kilo kadhaa usimlaumu Newton, ni maji yaliyokauka kwenye viazi, au kuna mtu kayapunguza njiani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililotoka angani ambalo liko pale Ndolezi mkoa wa Songwe, na ni kati ya vimondo vikubwa duniani. Makadirio ya masi yake ni kati ya tani 12 na 16, tuchukue 16. Hapa duniani dunia inakivuta kwa nyutoni kama 160,000. Kingepelekwa mwezini kingevutwa kwa sehemu moja ya sita tu ya hapo, kama nyutoni 27,000, crane ndogo tu ingekinyanyua. Lakini ukijaribu kukisukuma kwa pembeni mwezini ili kiongeze kasi, hata kikiwa juu ya kitu laini kisicho na msuguano wowote, kitakugomea vilevile kama kinavyokugomea Mbozi, maana tani 16 hazijaenda popote. Huo ugomo ndo wanaouita inesha.

Parachichi kubwa na dogo yakidondoka pamoja kutoka kwenye tawi moja lipi linawahi kufika?

Yanafika pamoja. Watu wa Rungwe na Njombe mna miti ya kutosha, jaribuni jioni hii. Kubwa linavutwa zaidi, ni kweli, lakini pia lina masi kubwa ya kusukumwa, na hivi viwili vinakua kwa uwiano uleule kwahiyo mchapuko unabaki ule ule, karibu mita 10 kwa sekunde kwa kila sekunde. Jani linachelewa kwa sababu ya hewa tu. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini, ambako hakuna hewa, akaachia nyundo na unyoya kwa pamoja mbele ya kamera, na vyote vikagusa chini kwa wakati mmoja.

Na kwanini parachichi lililodondoka lenyewe linaoza ila la kuchumwa kwa mfuko uliofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu halina shida?

Swali zuri sana hili, liliulizwa na mama mmoja mkulima na nimelitumia darasani tangu hapo.

Tuseme tunda ni la gramu 250 na limedondoka mita 5. Mita 5 zinachukua sekunde 1 tu, na likifika chini lina kasi ya mita 10 kwa sekunde, ambayo ni spidi 36. Ardhi inatakiwa iiondoe kasi yote hiyo. Ardhi ngumu inaiondoa kwa muda mfupi sana, tuseme sehemu moja ya mia ya sekunde. Ukipiga hesabu ya kanuni ya pili: 0.25 × 10 ÷ 0.01, unapata nyutoni 250. Yaani kwa ile nukta ya muda tunda limekandamizwa na kani inayolingana na uzito wa mzigo wa kilo 25, tena kwenye sehemu ndogo tu ya ngozi. Kwa nje halionyeshi kitu, ila ndani nyama imeshavunjika, siku ya nne linakuwa jeusi na mnunuzi wa nje analikataa. Sasa lingedakwa na wavu au turubai linalobonyea likatumia moja ya kumi ya sekunde kusimama, kani inashuka hadi nyutoni 25. Kasi ni ileile, tunda ni lilelile, kilichobadilika ni muda wa kusimama.

Helmeti inafanya kazi hiyohiyo kwa kichwa chako. Lile povu gumu la ndani linabonyea na kuongeza muda. Ndo maana helmeti iliyokwisha kupigika kwenye ajali povu lake limeshabonyea na haifai tena, na ndo maana lile kofia tupu la plastiki lisilo na povu ndani haliwezi kukusaidia hata likipendeza vipi.

Mkanda wa gari vilevile. Na hapa naomba wazazi mnisikilize. Mama amempakata mtoto wa kilo 10 kiti cha mbele, gari iko spidi 50, ambayo ni mita 14 kwa sekunde, ikagonga na kusimama ndani ya moja ya kumi ya sekunde. Ili kumzuia mtoto mikono ya mama inatakiwa itoe 10 × 14 ÷ 0.1, nyutoni 1,400. Hiyo ni kani ya kubeba kilo 140. Hakuna mama duniani mwenye mikono hiyo, hata angempenda mtoto wake kiasi gani. Mtoto akae nyuma, afungwe.

Kwanini kila siku mnasisitiza kushuka Mlima Nyoka na Iwambi kwa gia ndogo? Breki si zipo?

Nitalijibu kwa urefu kwa sababu watu wanakufa kwenye hii miteremko yetu, na fizikia ya jambo lenyewe ni ya kidato cha pili.

Lori likiwa kwenye mteremko uzito wake unagawanyika, sehemu kubwa inakandamiza barabara na sehemu nyingine inalivuta kushuka. Tuchukue mteremko wa mfano ambao kila ukitembea mita 10 unashuka mita 1. Kani ya kulivuta chini ni moja ya kumi ya uzito. Sheria inaruhusu gari kubwa kabisa kufika tani 56 pamoja na mzigo, kwahiyo uzito ni nyutoni kama 550,000 na kani ya kulivuta chini ni nyutoni 55,000. Muda wote, kila sekunde, mpaka mteremko uishe, kuna kitu kinatakiwa kulivuta nyuma kwa nyutoni 55,000 ili tu lisiongeze kasi. Sijasema lisimame, nimesema lisiongeze.

Dereva akiweka frii, yaani akitoa gia, ili abane mafuta na hivyo vizuizi vikakosekana, baada ya nusu kilomita atakuwa anaelekea spidi 110, na kwenye kilomita nzima hata ukitoa upepo na msuguano wa matairi bado atavuka 120 kirahisi. Tani 56 kwenye spidi hiyo, mbele kuna kona, kuna bajaji, kuna wanafunzi wanatoka shule.

Haya, dereva anashuka kwa breki za miguu peke yake. Breki hazimezi nguvu ikapotea, zinaigeuza kuwa joto. Lori hilo likishuka urefu wa mita 100 kwenda chini, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha zaidi ya lita 150 za maji ya baridi ya Mbeya. Joto lote hilo liko kwenye dramu na viatu vya breki, vyuma vya kawaida tu. Dramu ikipata moto inatanuka, inajitenga na viatu, kwahiyo dereva anakanyaga zaidi ili vifike. Viatu navyo vikipata moto uliopitiliza msuguano wao unashuka, vinang'aa na kuteleza. Na zile ni breki za upepo, ukikanyaga na kuachia mara nyingi upepo kwenye mtungi unapungua haraka kuliko pampu inavyojaza. Mwisho dereva anakanyaga na gari haisikii. Tunaambiwa breki zimefeli, na mara nyingi asubuhi zilikuwa nzima kabisa, zimefelishwa na joto la mteremko huohuo.

Gia ndogo inatatua hili kwa sababu matairi yanalazimika kuizungusha injini kwa kasi, na injini ambayo haipewi mafuta ni mzigo mzito kuizungusha, inabana hewa, inasuguana ndani, na joto lake linatoka kwa rejeta na kwa moshi badala ya kubaki kwenye breki. Gari nyingi kubwa zina na kifaa cha kuziba moshi ili injini izuie zaidi. Breki za miguu unazitumia kidogo kidogo tu kurekebisha. Na gia uichague juu, kabla mteremko haujaanza! Ukishachelewa na gari ikapata kasi gia ndogo haiingii, ukilazimisha unabaki frii, na hapo huna injini na muda si mrefu huna breki.

Kaka zangu mnaoendesha, haijalishi umepita pale mara ngapi.

Lori lililojaa linashuka kwa kasi kuliko tupu?

Yote mawili yakiachiwa bila breki kasi zao zitakaribiana sana, ni kesi ya parachichi kubwa na dogo. Lililojaa linavutwa zaidi ila lina masi zaidi. Tofauti iko kwenye joto: tani 56 zinapikia breki joto karibu mara tatu ya gari tupu la tani 18, na breki ni zilezile. Kwahiyo dereva aliyezoea kurudi tupu kwa gia fulani asidhani itamtosha akiwa na mzigo.

Kama kila kani ina ya kwake inayopingana nayo na ziko sawa, si zinafutana? Mkokoteni unatembeaje?

Nilisema tutarudi kwenye "juu ya kitu gani". Angalia kijana anayesukuma mkokoteni wa ndizi pale Mwanjelwa. Mikono yake inausukuma mkokoteni mbele, mkokoteni unaisukuma mikono yake nyuma, kani sawasawa. Lakini moja iko juu ya mkokoteni na nyingine iko juu ya kijana. Kani zinafutana zikiwa juu ya kitu kimoja, hizi ziko juu ya vitu viwili tofauti, hazikutani.

Kujua kama mkokoteni utaondoka, hesabu kani zilizo juu ya mkokoteni peke yake: mikono kwenda mbele, msuguano wa magurudumu kwenda nyuma. Ya mikono ikizidi, unaondoka. Kujua kama kijana atasonga, hesabu zilizo juu ya kijana peke yake: mkokoteni unamrudisha nyuma, na ardhi inamsukuma mbele. Ndio, ardhi. Miguu yake inaisukuma ardhi nyuma, ardhi inamrudishia kwa kumsukuma mbele. Mvalishe kandambili zilizoisha umwagie na maji pale chini, mikono ni ileile na chakula alichokula ni kilekile ila mkokoteni hautoki, kwa sababu ardhi haina pa kumshika.

Ukipita njia za Tukuyu kipindi cha mvua unaona hili kwa macho. Gari imekwama kwenye tope, dereva anakanyaga mafuta injini inalia, tairi zinazunguka palepale zinachimba. Injini ina nguvu ya kutosha kabisa. Kinachosukuma gari mbele ni barabara, na barabara imekuwa uji. Watu wa pale wanajua dawa, wanatupia mawe, matawi, changarawe, na wanamwambia dereva akanyage taratibu, kwa sababu tairi inayozunguka bila kushika ina msuguano mdogo kuliko inayoshika.

Bodaboda inahitaji umbali gani kusimama?

Kuna vipande viwili. Cha kwanza ni umbali unaotembea kabla hujakamata breki, tuseme sekunde 1 ya kuona na kuamua. Cha pili ni wa breki zenyewe, nao unakua kwa mraba wa kasi. Spidi 40 kwenye lami kavu: mita 11 za kuamua na 9 za breki, jumla 20. Spidi 80: mita 22 na 36, jumla 58. Umeongeza kasi mara mbili umbali umekaribia mara tatu. Lami ikilowa, spidi 80 inakupeleka kwenye mita 85 hivi. Hapo tairi ni nzima. Tairi kipara kwenye maji haina pa kuyapitishia maji, inaelea juu yake. Na ukungu wa asubuhi ukishuka ukawa unaona mita 30 tu mbele, spidi yako inatakiwa iwe ile inayosimama ndani ya hizo mita 30.

Mbona treni ya TAZARA inachukua muda mrefu hivo kusimama na ina breki kila behewa?

Chuma juu ya chuma kina msuguano mdogo sana ukilinganisha na mpira juu ya lami. Huo ndo uzuri wake, behewa likishaanza kutembea linakwenda kwa nguvu kidogo, na ndo ubaya wake siku ya kusimama, maana gurudumu likibanwa sana linateleza tu. Ndio sababu pia reli haiwezi kupanda miteremko mikali kama barabara. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni Mlimba hadi Makambako, pale inapopanda nyanda za juu, kumejaa mahandaki na madaraja ili njia isiwe na mwinuko mkali. Vichwa vingi vya treni duniani hubeba mchanga mkavu wa kumwaga mbele ya magurudumu yakianza kuteleza. Usikatize reli ukidhani dereva atakuona asimame, kukuona anaweza kukuona.

Na Kitonga kwanini barabara inazungukazunguka badala ya kupanda moja kwa moja?

Ili kani inayotakiwa ipungue. Ukipanda kimo kilekile kwa njia ndefu mara mbili, kani ya kulisukuma gari inakuwa nusu, ila unaisukuma kwa umbali mara mbili. Hakuna cha bure, unabadilishana tu.

Mwanangu anaelewa ukimuelezea ila kwenye mtihani wa hesabu za mwendo anakosa. Afanyeje?

Wengi wanakosea sehemu mbilitatu zilezile. Hawabadilishi spidi kuwa mita kwa sekunde, na dawa ni kugawa kwa 3.6. Wanachanganya kilo na nyutoni. Na kubwa zaidi hawachori. Kila swali achague kitu kimoja, akichore peke yake, aweke mishale ya kani zote zilizo juu ya kitu hicho tu, ndo aanze kujumlisha na kutoa.

Mfano: bajaji yenye masi ya kilo 600 pamoja na abiria inasukumwa mbele kwa nyutoni 900, vizuizi vyote ni nyutoni 300. Mishale miwili ya ulalo, 900 mbele, 300 nyuma. Inabaki 600 mbele. Gawa kwa kilo 600, mchapuko ni mita 1 kwa sekunde kwa kila sekunde. Baada ya sekunde 5 kutoka kusimama ina kasi ya mita 5 kwa sekunde, yaani spidi 18. Alafu muulize: dereva akipunguza mafuta mpaka msukumo ukawa 300 sawa na vizuizi, bajaji itafanya nini? Akijibu kwamba itasimama mrudishe kwenye swali la baiskeli. Akijibu kwamba itaendelea na spidi yake ileile 18, mpe maswali magumu zaidi.